Tiva wa Mafunjo na Mmea wa Bombani: Maisha Mawili, Maji Yale Yale

*Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya walimu wa biolojia, wanafunzi na wakazi wa ufuo wa Dunga*



Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ningali nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akaniuliza, "Mwalimu, kati ya ndege anayeimba kwenye mafunjo na kile kijani cha pale bombani, kipi kimeendelea zaidi?" Nilimjibu papo hapo: ndege. Nikamwambia ndege ana ubongo, ana moyo wenye vyumba vinne, anamtambua mwenzake kwa sauti. Na mmea ule hata mizizi ya kweli hauna. Akaliandika jibu langu kwenye daftari, akalipigia mstari. Jibu hilo limenikaa rohoni tangu siku ile, kwa sababu halikuwa sahihi, na naamini limeandikwa katika madaftari mengi. Leo nimekuja kulirekebisha.

Wahusika wenyewe

Ndege aliyemkusudia mwanafunzi yule ni tiva-mafunjo, ambaye wanasayansi humwita Laniarius mufumbiri. Jina hilo la pili limetokana na Mufumbiro, jina la zamani la milima ya volkano ya Virunga, pale Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Mgongo wake ni mweusi, bawa lina mstari mweupe, kifua ni chekundu cha kuwaka, na utosini amevaa kofia ya manjano ya dhahabu. Kofia hiyo iangalieni vizuri, maana yuko nduguye mwenye kifua chekundu vilevile ila kichwa chake ni cheusi chote, naye huishi vichakani hapa hapa kwetu. Mkiona utosi wa manjano ndani ya mafunjo, huyo ndiye.

Anapatikana Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Ukisikia orodha hiyo utadhani ana nchi kubwa. Hana. Ana vinamasi vya mafunjo vilivyotawanyika ndani ya nchi hizo, na nje ya mafunjo ni nadra kumwona. Ramani yake ni ramani ya mafunjo.

Mmea nimewaletea. Umo ndani ya kopo hili linalozunguka kwenu pamoja na kioo cha kukuzia. Nimeutoa jana nyuma ya jengo, chini ya bomba linalovuja. Umelala bapa juu ya udongo kama kipande cha ngozi mbichi, umegawanyika kila ncha mara mbili, na tena mara mbili. Watu wa Ulaya wa zamani waliona umbo hilo linafanana na ini, wakaamini kwa hiyo kwamba unatibu ini, na jina la ini likaubakia pamoja na jamaa zake wote. Nami nitauita mmea-ini. Jenasi yake inaitwa Marchantia, jina alilolitoa Mfaransa Jean Marchant mwaka 1713 kumkumbuka baba yake Nicolas, aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea. Nitakayemzungumzia zaidi ni Marchantia polymorpha, aliyeandikwa na Linnaeus mwaka 1753. Jina polymorpha maana yake ni mwenye maumbo mengi. Ndiye anayejulikana kuliko wote, kwa sababu ameenea karibu dunia nzima na amechunguzwa sana maabara. Ndugu zake wa karibu wamejaa kandokando ya vijito vya milima yetu.

Mmea huu hauna mizizi. Vijinywele mnavyoviona upande wa chini kazi yake kubwa ni kushika udongo. Hauna mishipa ya kupandisha maji kama mti. Hauna hata stomata, vile vinywa vya jani vinavyofunguka na kufungwa. Una vitundu vya hewa tu, na hauwezi kuvifunga kama jani la muhindi linavyofunga vinywa vyake jua linapokuwa kali. Nilipokuwa nikifundisha, orodha hii ya "hauna, hauna" ndiyo niliyoitumia kuuita mmea duni.

Sauti na tone la mvua

Kila kiumbe chenye jinsia mbili kina tatizo moja: mwenzangu nitampataje? Tiva na mmea-ini wamelijibu swali hili kwa njia mbili zilizo mbali kama mbingu na ardhi.

Mafunjo hufikia mita 4 au 5 kwenda juu, na yakisongamana, mkono ulionyooshwa mbele hauonekani. Rangi nzuri haisaidii sana mahali kama hapo. Kinachopenya ni sauti. Nendeni Dunga alfajiri, mtumbwi ukiwa umetulia kandokando ya togo, kama wenyeji wanavyoyaita. Kwanza mtasikia mluzi mnene unaojirudia, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Kisha, kabla mluzi haujaisha masikioni, linakuja jibu kavu la kukwaruza kutoka mahali pengine. Mgeni atasema ndege yule ana sauti mbili. Mvuvi atamwambia, "Hao ni wawili."

Ni dume na jike wanaopokezana wimbo. Katika miaka ya 1960 Mwingereza W. H. Thorpe, pamoja na Myles North aliyekuwa hapa Kenya, waliwarekodi ndege wa jamii ya tiva wakaonyesha jinsi majibizano hayo yanavyofungana: mmoja anaingia baada ya mwenzake kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, tena kwa kipimo kile kile kila mara. Kiungo kinachotoa sauti hiyo kiko chini kabisa ya bomba la pumzi, pale linapogawanyika kuelekea mapafu mawili. Kwa wimbo huo wenzi hujuana walipo, na huwaambia majirani kwamba sehemu hii ya kinamasi ina wenyewe.

Sasa rudini kwenye kopo. Mmea-ini nao una madume na majike, kila mmoja mmea wake. Ukifika wakati, mmea wa kiume husimamisha kijiti chenye kisahani bapa juu yake. Wa kike husimamisha kijiti chenye vidole vilivyotawanyika kama mbavu za mwavuli usio na kitambaa. Mvua hunyesha. Tone linaanguka juu ya kisahani cha kiume, linarusha majimaji yenye mbegu za kiume, na mbegu hizo, kila moja ikiwa na mikia miwili, huogelea katika utando wa maji mpaka kulifikia yai. Pasipokuwa na maji hakuna ndoa. Mmea huu hauwezi kumwita mwenzake, kwa hiyo umeikabidhi mvua kazi ya mshenga.

Mvua isipokuja na mwenzi je? Angalieni juu ya jani, mtaona vikombe vidogo vyenye upana kama punje ya dengu. Ndani yake mna vichipukizi vya kijani mithili ya punje za chumvi. Kila kimoja kilianza kama seli moja tu ya mama. Humo kikombeni kinalala, hakioti. Tone la mvua likipiga kikombe, kinarushwa mbali, hata kufikia mita moja hivi, na pale kinapotua kinaanza maisha. Na lipo jambo ambalo kila nikiliona kwa kioo hunisimamisha: kichipukizi hicho hakijaamua upi ni upande wake wa juu na upi wa chini. Pande zote mbili ziko tayari. Kikishatua, mwanga na uzito wa dunia ndivyo vinavyokiamulia. Upande uliolala chini unatoa vijinywele, ulioelekea juani unakuwa mgongo. Mmea usiojua utaangukia wapi umejifunza kutojifunga mapema.

Mwili ni wa nani?

Tofauti ya pili imejificha ndani ya seli, nayo ni kubwa kuliko ya kwanza. Walimu, naomba tuilete darasani zaidi kuliko tunavyofanya.

Tiva, kama mimi na ninyi, ana nakala mbili za kromosomu katika seli za mwili wake, moja ya baba na moja ya mama. Seli zenye nakala moja ni yai na mbegu ya kiume peke yake, nazo huishi kwa muda mfupi tu, zikusudie kuungana. Kwa mmea-ini mambo yamepinduliwa. Mwili wote huu wa kijani mnaoushika una nakala moja: kromosomu 9 tu katika kila seli. Kinachozaliwa baada ya yai kurutubishwa, chenye nakala mbili, ni kifuko kidogo kinachoning'inia chini ya mwavuli wa mama, kinalishwa naye, kinapasuka, kinamwaga vumbi la spora, kinakwisha. Ni kama yai la ndege na mbegu yake ya kiume vingekuwa ndivyo vinavyojenga kiota, vinavyowinda na kuzeeka, na ndege mwenyewe akawa mgeni wa siku chache.

Hata namna ya kuamua jinsia ni tofauti. Kwa binadamu baba ndiye mwenye kromosomu mbili zisizofanana, X na Y. Kwa ndege ni mama: jike ana Z na W, dume ana Z mbili. Kwa mmea-ini hakuna wa kuchanganya, kwa kuwa kila mmoja ana nakala moja tu: mwenye U ni jike, mwenye V ni dume. Tazameni, njia tatu za kufikia jambo moja, wala hakuna hata moja iliyo rasimu ya kuandaa nyingine.

Mtu anaweza kusema mmea uliolala chini hivi lazima uwe na maagizo machache mwilini. Mwaka 2017 wanasayansi walichapisha jenomu nzima ya Marchantia polymorpha. Walikuta jeni karibu 19,000. Binadamu tunakadiriwa kuwa na takriban 20,000. Kwa hiyo unyonge wa kimo si unyonge wa maagizo. Tena mmea huu hupendwa sana maabara kwa sababu jeni nyingi zinazoongoza ukuaji, ambazo mimea ya maua imezirudufu mara kadhaa, hapa mara nyingi hukutwa nakala moja moja. Anayetaka kuelewa jinsi mmea unavyojijenga huanzia hapa, kama fundi anayefungua saa yenye magurudumu machache.

Na umri? Mimea ilianza kuishi nchi kavu takriban miaka milioni 470 iliyopita, na mimea-ini ni wa ukoo uliojitenga na mimea mingine mapema sana. Hakuna ndege aliyekuwapo. Hapakuwa hata na mti. Lakini msiwachukulie mimea-ini wa leo kama mabaki ya zamani yaliyosahaulika. Huu uliomo koponi ni wa leo kama tiva alivyo wa leo. Ukoo wake umeishi miaka ile ile uliyoishi ukoo wa ndege, kwa kuwa wote wawili wanatoka kwa babu mmoja mwenye seli moja aliyeishi zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Hakuna aliyesimama akimngoja mwenzake.

Nyumba moja na nyumba elfu

Sasa nafika mahali panapouma.

Mmea-ini wa Marchantia polymorpha huota kando ya kijito, kwenye ukuta wenye unyevu, kwenye vyungu vya vitalu vya miche, ambako wenye vitalu huung'oa kama magugu, na hata kwenye ardhi iliyoungua, ambako huwa miongoni mwa wa kwanza kurudi. Ukiukata vipande, kipande chaweza kuwa mmea. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na maneno hayo yanaustahili mmea huu kweli kweli: koleo likivunjika, vipande vyake vinaendelea kufua chuma.

Tiva-mafunjo hana bahati hiyo. Kwake mafunjo si koleo, ni kiwanda chenyewe. Mle ndimo anamotafuta wadudu, ndimo anamojificha, ndimo wimbo wake una maana. Ukimwondolea mafunjo hujampunguzia chombo, umemchomea kiwanda na nyumba kwa siku moja. Wala hayuko peke yake. Yuko chiriku wa mafunjo, yuko kucha mdogo wa manjano wa mafunjo, na wengine wachache ambao nao wamefunga hatima yao na mmea huu mmoja.

Hali ya mafunjo yetu tunaijua. Utafiti wa Alfred Owino na Peter Ryan, uliochapishwa mwaka 2007, ulikadiria kwamba kati ya 1969 na 2000 Dunga ilipoteza karibu nusu ya mafunjo yake. Kinamasi cha Koguta nacho kilikaribia nusu, na cha Kusa kikapoteza thuluthi. Nusu ya mafunjo si nusu ya mandhari tu. Kwa ndege asiyeishi kwingine, ni nusu ya dunia.

Nataka hapa niseme na wasusi na wakataji wa togo, kwa heshima yote. Mimi sikuja kuwashtaki. Mafunjo yakikatwa kwa zamu, shina likaachwa ndani ya maji, huchipua upya na kurudi. Kwa ukataji wa namna hiyo, mkeka, kiti na paa la nyumba havimalizi kinamasi. Kinachokimaliza ni mtaro unaokausha maji, moto unaofuata, na jembe linalofuata moto. Msusi anakata shina. Mtaro unakata maji. Hayo ni mambo mawili, na sheria na mazungumzo yetu lazima yayatenganishe.

Maji ya wote

Huenda mtu akauliza, hata kama tiva atatoweka, mimi nitapungukiwa nini? Ni swali la haki kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Nitalijibu kwa kuanzia mlimani.

Mwaka 1980 mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, aliyewahi kufundisha Morogoro, alichapisha vipimo vyake kutoka milima ya Uluguru, Tanzania. Alipima mimea midogo inayoota juu ya matawi ya misitu ya ukungu: mimea-ini, kuvumwani na jamaa zao. Aligundua kwamba katika msitu wa juu kabisa, katika mvua moja, mimea hiyo yaweza kunasa maji kiasi cha lita 50,000 kwa hekta. Maji hayo hayaporomoki mara moja na udongo. Yanashikwa, yanadondoka polepole. Uluguru ndiko Mto Ruvu unakotoka, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam. Mama anayefungua bomba Ilala anapokea maji yaliyowahi kupumzika juu ya majani yasiyofika unene wa karatasi.

Hayo ni ya juu. Chini, mto unapokaribia ziwa, kazi inapokewa na mafunjo. Mizizi na mashina yake yaliyosongamana hupunguza mwendo wa maji, tope likatua, na mafunjo yakanyonya mbolea na uchafu ambao ungelisha magugumaji ziwani. Kampala inajua hivyo: kinamasi cha Nakivubo kimekuwa kikipokea majitaka ya jiji na kuyapunguzia uchafu kabla hayajafika Ziwa Viktoria. Na samaki wadogo hujificha mle mle mnamolia tiva.

Kwa hiyo mmea-ini na tiva, wasiowahi kuonana, wamekaa kwenye ncha mbili za kazi moja. Jamaa za mmea-ini wako kule maji yanakoanzia safari. Tiva yuko pale yanakoikamilisha. Wimbo wake alfajiri ni habari kwamba mafunjo bado yako, na mafunjo yakiwapo, chujio la ziwa bado lipo. Siku wimbo huo utakaponyamaza Dunga, msihesabu ndege mmoja aliyetoweka. Hesabuni chujio.

Jibu langu la leo

Tuna methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli; katika maumbile imetupotosha. Tiva amejiuza kwa kifua chekundu na sauti. Watalii humfuata kwa mitumbwi, na hilo ni jema, kwa maana linawapa vijana wa Dunga riziki inayotegemea kinamasi kilicho hai. Mmea-ini haujiuzi. Hauna ua, hauna harufu, hauna wimbo. Kwa sababu hiyo tukauita duni, na kwa kuuita duni hatukuutazama.

Laiti mwanafunzi yule angekuwapo hapa leo, ningemwomba afute mstari ule na aandike hivi: ndege na mmea havipangwi kwenye ngazi, kimoja juu na kingine chini. Ukitaka kukijua kiumbe, kiulize maswali mawili. Kwanza, unategemea nini? Pili, kikiondolewa, una njia gani nyingine? Tiva atajibu: nategemea mafunjo, na sina njia nyingine. Mmea-ini utajibu: nategemea unyevu, na njia ninazo nyingi, mradi unyevu usikome. Kwa majibu hayo tunajua la kufanya. Mmea wa bombani hauhitaji ulinzi wetu leo; unahitaji tuutazame na kuufundisha kwa heshima. Tiva anahitaji ulinzi, na ulinzi wake hauko kwenye tundu wala kwenye bango. Uko kwenye maji yaliyoachwa yasimame penye mafunjo.

Walimu, mwezi huu watoeni wanafunzi nje. Wapelekeni chini ya bomba na kioo cha kukuzia, kisha wapelekeni Dunga kabla jua halijachomoza. Viongozi wa kaunti mliopo, kabla hamjaidhinisha mtaro mwingine, njooni msikilize. Nanyi wenye mafunjo, kateni kwa zamu, msikubali kuchimba mtaro. Tiva-mafunjo hana kinamasi cha akiba mahali pengine, wala sisi hatuna ziwa jingine.